Upande wa Kulia wa Mafiga

4 Machi

Kwa shemeji yangu, fundi wetu,

Pokea salamu za nyumba nzima, na zangu uziweke juu yake. Sisi hatujambo. Mdogo wako ameondoka tena na lori lake juma lililopita, na siku akirudi mimi mkewe nitajua tu, maana atalala mchana kutwa na buti miguuni. Mtoto amekua, meno yametimia na maneno yamezidi meno. Bado tunamwita Bibi Mdogo kwa sababu amerithi jina la mama yenu, na ukimwita hivyo anaitika kwa sauti nzito kama mwenye nyumba. Je, wewe? Umeoa, au bado unachomelea vyuma tu? Nauliza kwa sababu kuna dada mmoja hapa ananidodosa habari zako. Nimemwambia unazo nywele. Sikumwambia ngapi.

Simu nimepiga mpaka nimekata tamaa. Mdogo wako anasema wewe simu hupokei ila barua unasoma, ndiyo maana nampa rafiki yake dereva akuletee hii mkononi.

Jambo lenyewe ni Mafiga. Unakumbuka mama alivyoipa jina siku ulipoileta, akasema chenye miguu mitatu hakiangushi chungu. Tangu atutoke mwezi wa saba mwaka jana imekaa nyuma ya nyumba chini ya turubai, hakuna aliyeigusa. Sasa mimi nimeanza kazi ya udobi, nafua mashuka ya nyumba mbili za wageni. Nilijaribu kubeba kichwani, shingo ikakataa. Nikasema, mbona baiskeli ipo, tena ya magurudumu matatu, na mota uliyomfungia mama ipo, na betri bado inashika chaji. Nikaitoa, nikaipangusa, nikaipanda.

Shemeji, kwenda inakwenda. Shida ni kusimama. Mashuka yakiwa mabichi nakamata breki kwa vidole vyote na bado inaniambia subiri kwanza. Na wakati nafunga, mota nayo inaendelea kusukuma, kama watu wawili wanagombania mlango mmoja. Hilo la kwanza. La pili ndilo linalonikosesha raha. Kila nikifunga breki inavuta kulia. Si kidogo. Inavuta kama kuna mtu amekaa upande ule, mtu mzito. Na pale mteremko wa shule unapajua, kulia mtaro, chini kabisa ukuta.

Mdogo wako aliipanda mara moja tu. Alishuka katikati ya njia akairudisha nyumbani kwa kuisukuma, wala hakuniambia ameona nini. Alipokuwa anafunga begi akasema, "Mwezi wa kumi nikirudi naiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Wewe tafuta kazi isiyo na magurudumu." Nikamjibu hata yeye kazi yake ina magurudumu, tena mengi. Akacheka, lakini neno lake hakulirudisha.

Shemeji, hii ni kazi ya kwanza kuwa yangu mwenyewe. Bila Mafiga haipo. Nisaidie breki kabla hajarudi.

Mimi shemeji yako, mama wa Bibi Mdogo.


29 Machi

Shemeji,

Salamu nimezipata. Mimi mzima, kazi ipo. Huyo dada mwambie nywele zimekwisha, asije akalaumu mtu.

Mtoto usimpakie. Hilo kwanza.

Breki zile nilifunga kwa uzito wa mtu mmoja anayekwenda polepole. Si za mashuka mabichi. Inatakiwa breki za diski mbele na nyuma, zile sahani nyembamba za chuma zenye matundu, na mikono ya breki yenye swichi ndani, ili ukiigusa tu umeme wa mota ukatike. Nitazitafuta.

Kwa sasa nijibu haya. Raba za breki ya mbele zimeisha au bado nene? Ringi ina alama ya kuungua? Waya wa breki, pale unapoingia kwenye mkono, umekatika hata unyuzi mmoja? Gurudumu la mbele limepinda? Tazama kwa macho na ushike kwa kidole. Usikadirie.

Breki za nyuma mtu asiziguse.

Ni mimi.


20 Aprili

Shemeji mpendwa,

Salamu tena. Barua yako fupi imetufurahisha, ingawa imeuliza kama polisi. Mtoto ana mafua kidogo, pua yake haina likizo, lakini anakula. Mdogo wako alipitisha salamu kwa dereva mwenzake, anasema njia ni mbovu na mvua ni nyingi.

Nimetazama na nimeshika kwa kidole. Raba ni nene, zimebaki zaidi ya nusu. Ringi ni laini, haina alama yoyote ya kuungua. Waya ni mzima, nimeupitisha ukucha wote. Hayo ndiyo niliyoyaona.

Kuhusu mtoto usinikasirikie. Nimwache na nani? Mama ndiye aliyekuwa akikaa naye. Anapanda sanduku la nyuma kama zamani, anakaa kushoto. Unajua mama alivyokuwa akiegemea, bega lake la kulia linaingia mpaka sandukuni, basi mtoto alizoea kubanana kushoto. Sasa hata akiwa peke yake anabanana vilevile. Juzi niliweka furushi la mashuka upande wa kulia, akalia mpaka watu wakageuka. "Hapo pa bibi." Nikamwambia bibi hayupo. Akanitazama kama mimi ndiye sijui habari. Basi mashuka nayo nayapanga kushoto nyuma yake, yanakuwa kama godoro lake, na kulia tunaacha wazi. Ni mtoto, atasahau.

Lakini nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nimegundua nikiegemea kulia wakati wa kufunga breki, Mafiga inanyooka. Nikikaa wima inavuta, nikiegemea inatulia. Basi nikajizoesha bila kufikiri. Jana yule dada anayepokea wageni pale ninapopeleka mashuka akaniambia, "Nilikuona kwa mbali mteremkoni. Mbona siku hizi unakaa kama marehemu?" Nikacheka. Nilipofika nyumbani nikajitazama kwenye kioo, nikakuta bega la kulia limeshuka.

Shemeji, wewe ndiye uliyefunga kila nati ya chombo hiki. Kwa nini kinavuta? Hukunijibu.

Mimi shemeji yako.


11 Juni

Kwa shemeji,

Natumaini kimya chako ni cha kazi si cha ugonjwa. Dereva niliyempa barua anaapa aliiweka mkononi mwako, na kwamba uliipokea, ukafuta mikono yako ya grisi, ukaiingiza mfukoni, ukarudi kuchomelea. Basi najua imefika.

Mvua ilipofanya njia iteleze tuliingia mtaroni. Nilifunga breki nikasahau kuegemea, kwa sababu nilikuwa nimeapa sitaegemea tena. Ikatupeleka kulia kama ng'ombe anayejua zizi lake. Mashuka yote yakapata matope, na mtoto amechubuka paji la uso. Si kidonda kikubwa, usishtuke. Alilia kidogo, halafu akainama akachungulia mtaroni upande wa kulia, akatega sikio. Hapo ndipo nilipoogopa mimi.

Nikaenda kwa fundi baiskeli wa kona, yule tunayemwita Spoku kwa wembamba wake. Najua ulikataza. Samahani. Alilala chini ya Mafiga, akatoka na uso umekunjamana.

"Aliyefunga hizi breki za nyuma alikuwa amelewa au alikuwa na sababu."

Nikamwambia, "Ni shemeji yangu. Halewi."

"Basi ana sababu zake. Ya kulia amekaza, ya kushoto amelegeza, na ameziba nati kwa rangi zisijifungue. Hii mtu hafanyi kwa bahati mbaya."

Nikamwambia azisawazishe. Akasawazisha, akazipima mbele ya macho yangu, zikawa pacha. Nikamshukuru, nikaenda kuchukua mashuka nikiwa na furaha ya mtu aliyetolewa mwiba. Mtoto nyuma, mzigo umejaa, tukafika mteremkoni, nikafunga.

Ikavuta kulia.

Nilirudi kwa Spoku. Akaipanda mwenyewe bila mzigo, ikaenda sawa. Nikapanda mimi na mtoto na mashuka, ikavuta. Spoku akaweka spana chini taratibu. "Mama, mimi nimesawazisha kwa kipimo. Kama bado inavuta, hilo si la spana. Mwite aliyeitengeneza, au mwite anayejua mambo mengine."

Mdogo wako nimemweleza kwa simu nusu tu. Hakuuliza nusu nyingine. Alisema, "Mwezi wa kumi."

Shemeji, nijibu, hata kwa mstari mmoja.


30 Juni

Shemeji,

Mzigo umefika. Diski tatu, mikono ya breki yenye swichi, nyaya mpya, na kila nati umeifunga kwenye kitambaa chake kama yai. Nimetoa kila kitu, nimekung'uta na boksi. Barua hamna.

Ahsante sana. Mtoto anasema ahsante.


19 Julai

Shemeji,

Salamu kwenu. Pole kwa mtoto. Barua zako ziko juu ya meza ya kazi, nimezisoma mpaka zimeingia grisi.

Spoku hakukosea. Ni mimi niliyekaza ya kulia na kulegeza ya kushoto. Nitakueleza, kisha tusilirudie.

Kiharusi kilipomshika mama mwili wake ukawa unaangukia kulia, hilo unalijua. Siku ya kwanza nilipomjaribisha Mafiga breki zote zilikuwa sawa. Alipofunga, chombo kikampeleka kushoto, maana uzito wote ulikuwa kulia, na uzito ukikataliwa na magurudumu hutaka kuendelea mbele. Walikuwepo watu. Mama akacheka nao. Tulipoingia ndani hakucheka. Akaniambia, "Mwanangu, mdomo wangu wameuona umepinda, mguu wameuona. Wasione na njia yangu imepinda." Nikakaza ya kulia kidogo kidogo, naye anakwenda na kurudi uani, mpaka breki zikalingana na mwili wake. Akapita mbele ya watu wote amenyooka kama rula. Akaniambia nisimwambie mtu, na sikumwambia hata mdogo wangu.

Kwa hiyo usiogope. Chombo kilikuwa kinamsubiri mtu anayeegemea kulia. Hakijui kwamba hayupo. Ulipoegemea wewe, kilidhani amerudi.

La pili lilinisumbua zaidi. Spoku amesawazisha, na bado inavuta. Nimechora nikafuta, nikachora nikafuta. Halafu nikarudi kwenye barua yako ya Aprili. Uliniandikia mwenyewe. Mtoto kushoto, mashuka kushoto, kulia mnaacha wazi. Mnamwachia marehemu nafasi, na uzito wa nafasi yake mmeupakia upande wa pili. Ukifunga breki mzigo wa kushoto unataka kwenda mbele, chombo kinageukia kulia. Bila mzigo Spoku alikwenda sawa. Weka mashuka katikati. Hakuna kingine humo.

Breki mpya mpe Spoku azifunge. Usinisubiri mimi.

Gurudumu la mbele uliliruka. Nilikuuliza kama limepinda, ukanijibu mengine yote ukaacha hilo. Nilipofika siku ile ya msiba nililishika. Nataka kujua kutoka kwako. Sitauliza tena.


2 Agosti

Kwa shemeji yangu,

Leo sianzi na salamu nyingi. Tuko wazima.

Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikafurahi, nikasema kumbe ni uzito tu. Nikaisoma mara ya pili kwa sauti, polepole, maana unajua shule yangu haikwenda mbali, na kusoma kwangu ni kwa kutembea. Nilipofika mwisho nikasimama. Nikatoa barua zako zote nikaziweka pamoja. Raba. Ringi kuungua. Waya kukatika. Gurudumu kupinda. Nikasema, huyu mtu haniulizi habari za baiskeli yangu. Ananiuliza habari za mama.

Siku ile ulipokuja ulipiga magoti nyuma ya nyumba, ukaishika Mafiga gurudumu, ukaondoka kabla chai haijamiminwa. Tulidhani ni uchungu. Sikujua umekwenda na nini kichwani. Na walikuwepo watu waliokuwa wakisema aligonga ukuta, wewe uliwasikia, na hakuna aliyenigeukia mimi. Nami siku ile sijaizungumza na mtu yeyote, hata mdogo wako, kwa sababu nikiisema inakuja tena na kukaa. Lakini sasa naiona inakaa kwako. Basi nitaisema.

Nilikuwa natoka chini, napanda. Nikaiona Mafiga katikati ya mteremko, imeelekea chini, imesimama. Sikushtuka. Mama alipenda kusimama pale kutazama watoto wa shule wakicheza. Nikamtania kwa mbali, nikamwambia, "Mama, unachungulia wachumba?" Hakujibu. Nikasogea. Alikuwa ameegemea kulia kama kawaida yake, kichwa kimeinama. Mtoto yuko sandukuni nyuma yake, anachezea kamba ya kiatu. Akaniambia, "Bibi amesema tupumzike."

Sasa sikiliza, shemeji, maana hili ndilo lako. Mkono wa breki ulikuwa umefungwa. Kile kindoano ulichokiunda kwa spoku ya zamani, cha kushikilia breki wakati wa kuegesha, alikuwa amekiingiza mahali pake. Na mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa mapajani, umelala wazi. Aliona kitu kinamjia. Akasimamisha chombo kwa ajili ya mtoto, akaingiza ndoano, akarudisha mkono mapajani. Mtu ambaye breki zimemkataa haweki mkono mapajani. Mteremko ule ni mkali namna gani unaujua, na Mafiga ilikuwa imesimama hapo kama jiwe la nyumba.

Watu wakaja. Gari lilitaka kupita. Wakamteremsha mama, wakamlaza pembeni kwenye nguo yangu. Kuna mtu, hata sikumwona uso, akachomoa ndoano ili aisogeze Mafiga, ikamponyoka. Mimi nilikuwa nimemkumbatia mtoto. Niliitazama inashuka peke yake, haina mtu, mpaka ukutani. Hapo ndipo gurudumu lilipopinda. Na hapo ndipo ulipoikuta wewe.

Ndiyo, limepinda. Hakuwemo.

Mashuka nimejaribu kuyaweka katikati. Mtoto amekataa, na mimi sikumlazimisha, sina nguvu hiyo. Spoku naye amekataa kuzifunga breki mpya. Ametazama diski zako, akazifunika tena na vitambaa vyake, akasema, "Nyumba yenu ina mambo ya wenyewe. Aje mwenyewe." Mwezi wa kumi unakuja, shemeji. Mimi natembea kwa miguu na mashuka kichwani, na shingo yangu inakusalimia.

Mama wa Bibi Mdogo.


25 Agosti

Shemeji,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nimeisoma nimekaa.

Tangu mwaka jana sijafunga breki ya mtu. Mteja akija na breki nampeleka kwa jirani, nasema vifaa vyangu vimeharibika. Wenzangu karakanani wanadhani ni uvivu, wananiita Mzee wa Fremu. Hata zile nilizokutumia alizichagua kijana wa dukani, mimi nilisimama nje ya mlango.

Leo amekuja mama mmoja na baiskeli yake ya mzigo. Mwenzangu akamwambia, huyu breki hafungi. Nikasema lete. Nimefunga mbele na nyuma. Wenzangu wakaacha kazi wakawa wananitazama, mmoja akasema, "Vifaa vimepona?" Halafu nikaipanda mwenyewe mpaka kwenye mteremko wa nyuma ya karakana, nikaiachia, nikafunga.

Ikashika. Nikakaa pale pale juu yake. Gari limepiga honi nyuma yangu muda mrefu, dereva amenitukana tusi zuri sana. Sikuwa na haraka ya kuachia.

Mwambie mdogo wangu asiuze kitu. Nakuja kabla hajafika.


14 Oktoba

Kwa shemeji yangu mpendwa, fundi wetu, Mzee wa Breki,

Tangu uondoke nyumba imebaki na harufu ya grisi, na mimi sijaipiga deki kwa makusudi. Natumaini safari ilikuwa njema. Yule dada anauliza mbona ulimsalimia ukiwa umevaa kofia. Nimemwambia ni jua.

Mdogo wako amefika. Hakuvua buti, hakulala. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akazitazama diski, akazungusha gurudumu la mbele akalisikiliza. Akaipanda, akashuka nayo mteremko wote, akarudi kwa mota. Mimi nilikuwa mlangoni. Akasema, "Kiti hiki kinataka godoro." Basi. Habari za vyuma chakavu hakuzitaja, na jana nimemkuta anakata sponji kwa kisu changu cha jikoni.

Spoku anasema siku ile ulipokuwa unafunga breki mpya alipita kwa bahati tu. Mtu hapiti kwa bahati asubuhi mpaka jioni. Amezungumza habari zako kona nzima, jinsi ulivyonyoosha spoku moja moja, na jinsi ulivyoshika ile nati ya kulia ukakaa nayo bila kuizungusha, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Anasema alitaka kukuambia zimeshasawazishwa, akaona heri anyamaze.

Lakini ninalotaka kukuandikia ni hili. Wewe ulipomuuliza Bibi Mdogo, "Naweza kukaa hapa pa bibi?", na yeye akafikiri, akakujibu, "Wewe mtoto wake, kaa," mimi niligeukia usukani kwa sababu sikutaka mnione. Ulikunja magoti yako marefu sandukuni, na mimi nikawashusha wote wawili mteremko mzima. Sikutazama nyuma.

Jana ilikuwa mara ya kwanza kwenda bila wewe. Nilipanga mashuka katikati. Mtoto akatazama, hakulia. Tukaenda. Mikono mipya ya breki ni laini, nikiigusa tu mota inanyamaza kama mtoto aliyeitwa jina. Tulipofika katikati ya mteremko nikafunga, si kwa sababu kulikuwa na kitu mbele, nilitaka tu kujua. Mafiga ikasimama. Haikwenda kulia, haikwenda kushoto. Bega langu lilishuka lenyewe kulia likitafuta, halikukuta kitu cha kuegemea. Nilisubiri. Shemeji, miezi yote ile nilikuwa naogopa kuvutwa. Sikujua nitaogopa kutovutwa. Nililia pale pale barabarani, na watoto wa shule wakanitazama kupitia uzio.

Mtoto akanigusa mgongo, akauliza, "Bibi ameshukia wapi?"

Nikamwambia ameshukia hapa hapa mteremkoni, na kwamba alifunga breki kwanza.

Mimi shemeji yako.